Nyayo Zinazotiririka Katika Mji Mkavu

Dodoma kila kitu hukauka. Shati likianikwa saa tatu asubuhi, saa tano unalipiga pasi. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 570 hivi, na karibu yote humwagika kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, hata mbao za milango zinapasuka. Mimi, katikati ya ukavu huo, jioni huvua soksi nikazikamua. Situmii tamathali ya semi. Nazikamua na maji yanadondoka.

Nilipokuwa nasomea upimaji wa ardhi Dar es Salaam hakuna aliyenishangaa, kwa sababu Dar jasho ni la wote. Kwenye daladala kila mtu mgongo umeloa, nani atauliza habari za nyayo? Kisha nikarudi huku kati. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, viwanja vikawa gumzo la kila kijiwe na kazi ya mpima ardhi ikawa haina Jumapili. Ndipo nikajikuta peke yangu: mji mzima mkavu, mtu mmoja ameloa.

Kupima viwanja vipya porini si shida. Unavaa buti, unazika bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, na hakuna wa kukuchungulia miguu. Shida ni urasimishaji wa makazi, yaani kupima maeneo ambayo watu wameshajenga na wanaishi. Pale Chang'ombe ya hapa Dodoma, kwa mfano, unaingia nyumba kwa nyumba ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na fomu zako, na mwenye nyumba anasema "karibuni ndani" huku macho yake yakishuka kwenye viatu vyenu. Unavua. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na hatua zako zote zinabaki zimechapwa, kuanzia mlangoni hadi kwenye kochi. Vumbi jekundu lililonasa kwenye soksi likikutana na jasho linakuwa tope, na tope hilo uko nalo sebuleni kwa mtu aliyedeki asubuhi.

Ukweni ni mtihani mkubwa zaidi. Mke wangu ni mtu wa Mpwapwa, na mkwe haendi ukweni na kandambili. Anakwenda na viatu vya kufunika vilivyopigwa rangi, halafu anavivua mlangoni mbele ya watu wote. Shemeji yangu mdogo aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa, "Shemeji, umekanyaga maji?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo, kila ninapofika, kuna ndoo nje ya mlango ambayo mama mkwe anaamini ndiyo inayonichuruzikia, na ameshawagombeza watoto kwa ajili yake.

Mahali pekee ambapo nilikuwa sawa na wenzangu ni msikitini. Baada ya udhu, miguu ya wote imeloa.

Kwa miaka mingi nilidhani ni joto, na watu walinishauri kama mtu mwenye joto: vaa viatu vya wazi, kunywa maji ya baridi, punguza pilipili. Lakini Julai, upepo unapovuma kutoka mashariki na watu wa Dodoma wamejikunyata ndani ya makoti, nyayo zangu huwa zimeloa na ni za baridi, vyote kwa pamoja. Joto gani hilo? Jibu nililipata kwa mtaalamu wa magonjwa ya ngozi, mmoja wa wale waliosomea Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Nilikwenda kwake kwa sababu ya harufu. Yeye akaanza na maswali ambayo sikuyategemea.

"Usiku ukilala, shuka upande wa miguu linaloa?"

"Hapana, daktari. Nikilala inakauka kabisa."

"Ilianza lini?"

"Nikiwa shule ya msingi."

"Miguu yote miwili, au mmoja unazidi?"

"Yote, sawasawa."

"Nyumbani kwenu nani mwingine?"

Nikataka kusema hakuna, kisha nikamkumbuka shangazi yangu wa Kondoa. Kabla ya kumpa mtu mkono alikuwa anaufuta kwanza kwenye kanga. Sisi watoto tulidhani ni heshima.

Daktari akaniambia kwamba mwili wa mtu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na zimejazana zaidi viganjani na nyayoni. Za mgongoni na kifuani hufanya kazi hasa mwili unapopata joto. Za viganja na nyayo huitikia zaidi hofu, haraka, aibu na kufikiri sana. Kwa mtu kama mimi tezi zenyewe hazina ugonjwa wala hazijazidi idadi. Kinachozidi ni amri inayotoka kwenye mishipa ya fahamu, ambayo huzichochea tezi kwa kemikali iitwayo asetilikolini hata pale pasipo sababu. Ukilala, amri inapungua, miguu inakauka. Ukiingia sebuleni kwa watu ukijua kwamba nyayo zitaonekana, amri inaongezeka, na zinaonekana kweli.

Dalili alizokuwa akizipima kwa maswali yake ndizo wanazotumia madaktari: jasho limezidi kwa zaidi ya miezi 6 bila sababu nyingine, liko pande zote mbili sawasawa, lilianza kabla ya miaka 25, linakuja angalau mara moja kwa wiki, linavuruga shughuli, hukoma usingizini, na kuna ndugu mwingine analo. Si lazima uwe nazo zote. Mimi nilikuwa nazo. Wala si jambo la nadra. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kuwa watu 2.8 katika kila 100 wana jasho lililozidi kiasi, iwe nyayoni, viganjani, kwapani au usoni. Ukiujaza watu uwanja wa mpira wa Jamhuri, kwa kipimo hicho tungeweza kuunda chama.

Swali la shuka lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Jasho la mwili mzima usiku, likiandamana na homa, kukonda au kikohozi cha wiki mbili, linakupeleka kupima kifua kikuu, si kununua poda. Mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na shingo kuvimba, hapo inaangaliwa tezi ya shingo. Kisukari nacho kinaweza kuvuruga jasho, na zipo dawa za magonjwa mengine zinazolileta. Mguu mmoja ukiloa na mwingine ukabaki mkavu, hilo nalo linahitaji kuchunguzwa. Anayeanza kutoka jasho la ajabu akiwa na miaka 45 asijifariji kwa habari zangu, aende hospitali.

Sasa harufu. Jasho la miguu likitoka halina harufu. Ni maji yenye chumvi kidogo. Wanaonukisha ni bakteria wanaoishi juu ya ngozi, wanaokula ngozi iliyolainika kwa kuloa muda mrefu. Daktari aliniambia ninyanyue mguu akauangalia kwa tochi. Sehemu ya mbele ya unyayo, chini ya vidole, na pembeni ya kisigino kulikuwa na vishimo vidogo vidogo ambavyo mimi nilikuwa nikiviona kila siku nikidhani ni alama za soksi. Bakteria wamechimba tabaka gumu la juu. Kwenye maduka ya dawa nilikuwa nimeuziwa mirija ya klotrimazoli kwa miaka, kila muuzaji akisema "hiyo fangasi", na harufu haikutikisika, kwa sababu dawa ya fangasi haikuwa na ugomvi na wale waliokuwa wakichimba. Safari hii nikapewa krimu ya antibayotiki, asubuhi na jioni, baada ya kunawa na kukausha. Vishimo vikajaa ndani ya wiki chache, na harufu ikaondoka.

Jasho likabaki palepale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nina mambo mawili, na kila moja lina dawa yake. Watu wengi ninaokutana nao hutibu moja wakingoja lingine lipone.

Fangasi nayo ipo, nisiidharau. Yangu ilikuja mara kadhaa katikati ya vidole viwili vya mwisho: ngozi nyeupe iliyolainika, inabanduka, inawasha hadi usiku. Hiyo ndiyo ya klotrimazoli, na unaendelea kupaka hata muwasho ukishaisha. Kwa sisi tunaotia udhu mara tano kwa siku, kitambaa kidogo cha kufutia katikati ya vidole kabla ya kurudisha soksi kina faida kuliko dawa nyingi.

Kwa jasho lenyewe daktari aliniandikia alumini kloraidi ya asilimia 20, maji ya kupaka. Haipo kila famasi. Nilizunguka mjini hadi nikapata mfamasia aliyekubali kuniagizia. Inavyofanya kazi: chumvi hiyo ya alumini huingia kwenye vitundu vya jasho na kuganda humo, ikaviziba kwa muda. Inapakwa usiku wakati wa kulala, tezi zinapokuwa zimetulia, la sivyo jasho litaisukuma nje kabla haijaganda. Asubuhi unanawa. Ngozi lazima iwe kavu kabisa unapopaka, kwa sababu dawa ikikutana na maji inatengeneza asidi, na asidi inawasha na kuchoma. Mimi hukaa mbele ya feni kwanza, na mke wangu hucheka kila siku: "Baba Salma, miguu yako inapepewa kuliko mimi."

Kitu ambacho hakuna karatasi ya dawa iliyoniandikia ni magaga. Mtu wa Dodoma ana mguu wa namna yake: visigino vimepasuka kwa ukavu huku vidole vinaogelea. Dawa ile ikiingia kwenye ufa wa kisigino utaimba nyimbo za kwenu. Kwa hiyo napaka mbele na katikati ya unyayo tu, na visigino navipa mafuta mazito ya mgando baadaye, kila sehemu na chakula chake. Kipindi cha Agosti na Septemba, magaga yakizidi, huacha kwanza yafunge.

Nyayo zina ngozi nene, kwa hiyo usitegemee kasi ya kwapa. Nilipaka kila usiku kwa majuma, nikiona dalili ndogondogo tu: soksi imeloa lakini haikamuliki, sakafu haishiki alama ya kidole gumba cha mguu. Baada ya hapo nikapunguza hadi usiku mmoja au miwili kwa wiki. Jasho halijaisha. Limepungua kiasi cha kwamba soksi moja inaweza kufika mchana.

Poda nilishaijaribu zamani, ya watoto na ya wakubwa; kwenye miguu kama yangu hugeuka uji ndani ya saa moja, na uji huo ukikauka unakwangua ngozi. Inamfaa mwenye jasho dogo. Jiwe la shabu, lile wanalopaka vinyozi baada ya kunyoa, lina mantiki zaidi kwa kuwa nalo ni chumvi ya alumini, ila nguvu yake ni ndogo. Chai ya rangi iliyochemshwa ikakolea, ikapozwa, ukalowekea miguu nusu saa, inakaza ngozi kidogo na kuipaka rangi ya kahawia. Ukiwa na harusi Jumamosi si vibaya. Limao sitaki hata kulizungumzia, hasa kwa mwenye magaga.

Viatu ndivyo vilivyonipa nafuu ya haraka, na hapa Dodoma ina neema ambayo mtu wa Tanga au Dar hana. Kiatu kilicholoa kinahitaji siku nzima au zaidi kukauka ndani, kwa hiyo kuvaa jozi ileile leo na kesho ni kuwalisha bakteria. Nina jozi tatu za kazi zinazopokezana. Jioni natoa soli ya ndani naianika juani au kwenye upepo, kiatu chenyewe nakiacha kivulini mdomo wazi, kwa maana ngozi halisi ikipigwa jua letu inakakamaa na kupasuka. Asubuhi soli ni kavu kabisa. Fundi viatu wangu wa karibu na soko la Majengo hunikatia soli za ngozi za kubadilisha. Zikikosekana, boksi la karatasi ngumu lililokatwa kwa kipimo cha mguu hunywa jasho la siku moja na kutupwa. Hilo la boksi nilijifunza kwa kuli wa sokoni, na sijaona la kulishinda kwa bei.

Mitumba ya soko la Sabasaba naipenda, lakini kiatu cha mtumba nakigeuza kwanza. Soli ya ndani ikiwa imegundishwa moja kwa moja, naacha. Ndani kukiwa na bitana ya plastiki, naacha. Raba yenye wavu juu ni nzuri mjini. Porini vumbi linapita kwenye wavu kama halijaona kitu. Ndala na makatambuga watu hunishauri sana, nami nawauliza kama wameshawahi kupita kwenye migunga ya upande wa Bahi. Miiba ile inapenya soli ya tairi. Halafu mguu ulioloa ndani ya kandambili unateleza, na juu ya pikipiki kuteleza kwa mguu si jambo la mzaha.

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho vizuri na kukaa nalo, ngozi inasuguana na kitambaa kibichi hadi malengelenge. Za mchanganyiko zenye sufu au nyuzi za michezo huhamisha maji nje, ila ni ghali na si rahisi kuzipata. Mimi natumia za mchanganyiko porini na za pamba mjini, na zote nabadilisha mchana. Soksi mbichi huingia kwenye kijimfuko cha kitambaa alichonishonea mke wangu, kwani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 hatuna tena zile rambo. Afadhali, ndani ya rambo zilikuwa zinavunda.

Daktari alinitajia na matibabu mengine. Lipo la kuweka miguu kwenye beseni la maji ya kina kifupi yanayopitishwa umeme mdogo sana wa mashine maalumu, dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki. Linawasaidia wengi, na maji ya visima vya Makutupora yanayotuachia ukoko mweupe kwenye birika yangefaa kabisa, kwa sababu mashine hiyo hutaka maji yenye madini. Mjamzito, mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini haruhusiwi. Mashine ndiyo sina, na mtu asije akajaribu kuunganisha betri na beseni nyumbani kwake. Kuna sindano za botoksi kwenye unyayo, nyingi na zenye maumivu, zinazokausha kwa miezi kadhaa kisha unarudia. Kuna upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu, ambao hufanyika zaidi kwa ajili ya viganja. Baadhi ya waliofanyiwa jasho lao limehamia mgongoni na tumboni, na kwa miguu mishipa yenyewe iko kiunoni, ambako mwanamume ana mengine ya kuhofia. Nilimwambia aendelee tu kuniandikia maji ya kupaka.

Vidonge vya aina ya oksibutinini tulivijadili zaidi, kwani vinapatikana. Vinazuia ile asetilikolini mwili mzima: miguu inakauka, na mdomo unakauka, macho yanafifia, choo kinakuwa kigumu. Kwa karani wa ofisini huenda vingefaa. Mimi Novemba nashinda kwenye jua bila kivuli, na jasho la mgongoni ndilo linaloniepusha na kuanguka kwa joto. Daktari alisema hapana kabla sijamaliza swali.

Kwa watu wa kwenye kazi nimeacha kusingizia maji. Nikifika mlangoni nasema, "Mama, miguu yangu inatoka jasho sana, naomba nibadilishe soksi hapa barazani," na natoa kavu mkobani. Sijakutana na mama aliyekunja uso. Mmoja alinijibu kwamba mwanawe wa kidato cha pili ni hivyohivyo, na amekataa kukaa bweni kwa sababu hiyo, tukapoteza nusu saa ya serikali tukizungumzia nyayo.

Salma, binti yetu wa darasa la nne, ana viganja vya shangazi. Daftari linaloa, wino unasambaa, na mwalimu alikuwa akimrudishia kazi aiandike upya kwa sababu ya uchafu. Mama yake alikwenda shuleni kueleza, na sasa anaandika akiwa ameweka leso chini ya mkono. Kuhusu dawa, daktari amesema tungoje kidogo, ngozi yake bado laini na yeye mwenyewe halalamiki. Anachotaka ni kalamu ya risasi badala ya ya wino, na hilo tumempa.